Kiganja cha Mama Mistari

Mama Mistari alikuwa msusi tangu enzi zile magoti yake hayajaanza kumsengenya. Jina alipewa na wateja, kwa kuwa mistari aliyoipasua kichwani mwa mtu ilinyooka kuliko barabara yoyote ya manispaa. Riziki yake yote ilikuwa vidoleni, na balaa nalo likapitia huko huko.

Msanii mmoja, binti mpole mwenye miwani mikubwa, alikuja kusukwa. Alipomaliza kusukwa akatoa kisahani cha plastiki chenye ute mgumu kama jeli.

"Bonyeza kiganja hapa, mama. Kitaoteshwa maabara, halafu watu watakuja kukiona."

"Kiote nini, mwanangu?"

"Vijidudu. Ni sanaa. Ila usinawe kwanza."

Mama Mistari akaitikia vizuri tu, kisha akaenda uani akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Mtu haendi kupigwa picha na tongotongo machoni.

Baada ya wiki chache, picha ya kile kisahani, kubwa kama mlango wa gereji, ilitundikwa kwenye ukumbi wa maonyesho. Kiganja kilionekana waziwazi, kimechanua madoa ya njano, meupe, na moja la waridi ambalo mwanasayansi wa maabara alilisifu kama mtu anayesifu mjukuu. Chini yake pameandikwa: Mkono wa Msusi. Watu wa mtaa, ambao sanaa haikuwahi kuwatoa ndani, safari hii walitoka. Wifi yake Mama Mistari ndiye aliyetangulia, na ndiye aliyewahi kurudi na habari.

Wateja wakaanza kupata mafua kwa zamu, kila mmoja siku yake ya kusukwa. Viti vikabaki kutazamana. Mama Mistari aligundua kwamba kukaa bure kunachosha kuliko kusimama kutwa nzima.

Siku msanii na mwanasayansi walipokutana na watazamaji ukumbini, naye akaenda.

"Mwanangu, ishushe."

"Mama, kazi hii inaizungumzia jamii."

"Jamii nayo inanizungumzia mimi."

Wifi yake, aliyesimama nyuma, akaguna. "Si ungenawa tu, wifi, yaishe."

"Nilinawa. Kwa sabuni."

"Kumbe hiyo ndiyo ya kunawa?" mtu akauliza.

Mwanasayansi alifurahi kupata swali. Akaeleza kwamba vijidudu vinavyoishi kwenye ngozi haviondoki vyote kwa sabuni, kwamba vingi havidhuru, na kwamba kila mtu aliyemo humo anavyo. Alidhani anatuliza watu. Watu wakatia mikono mifukoni. Wifi, ambaye gauni lake halikuwa na mifuko, akaificha kwapani.

Picha haikushushwa. Msanii alibadilisha maandishi tu, yakawa: Mkono Ulionawa. Watazamaji wakazidi. Mama Mistari akarudi kwenye viti vyake, ambavyo havikuwa vimesikia maelezo ya sayansi. Mtaani sasa watu walisalimiana kwa kupungiana, jambo lililompa faraja kidogo, lakini faraja haisuki nywele.

Hatimaye akaingia karani wa benki, mteja wake wa miaka mingi, amejifunga kilemba mpaka kwenye nyusi.

"Mafua yamepona?" Mama Mistari akauliza.

"Mdogo wangu anaolewa Jumamosi."

Hilo nalo lilikuwa jibu. Mama Mistari akavaa glavu za mpira alizonunua kwa shingo upande, akaanza. Nywele ziliteleza. Mstari wa kwanza ukaondoka vizuri, ukafika katikati ya utosi, ukapinda kama mlevi anayetafuta kwake. Wote wawili wakautazama kwenye kioo.

"Vua hizo," karani akasema.

"Una hakika?"

"Mama, vijidudu havitatokea kwenye picha za harusi. Huo mstari utatokea."

Mama Mistari akavua, akafumua, akaanza upya. Hakuona raha ya kushinda. Aliona kichwa kizima kinachomsubiri, na jioni inakuja. Alikuwa amefika nyuma ya sikio wifi yake alipochungulia mlangoni, naye kilemba mpaka kwenye nyusi.

"Kuna foleni?"

"Ipo," Mama Mistari akasema, na hakuinua kichwa.