Genge la Mama Risper

Kijiji chetu, upande wa Shinyalu, hakijawahi kuwa na genge. Nalisema hili kwa masikitiko, maana mwaka jana kukosa genge kulitutatiza kupata mashine ya kuchomelea vyuma.

Kaunti ilikuwa imetangaza fedha za kuwakinga vijana na magenge. Kila kikundi kilichozitaka, chetu kikitaka zinunue mashine hiyo, kilipewa fomu, na swali la kwanza kwenye fomu lilikuwa hili: taja genge lililopo eneo lenu na majina ya wanachama wake. Nilimsomea Risper Muhonja swali hilo mara mbili, nimeketi kwenye benchi la kibanda chake cha chai, na mara zote mbili nikapandwa na hasira. Fedha za kuzuia ugonjwa anapewaje aliyekwisha kuugua? Mwenye afya yeye afanye nini, aende akatafute homa?

Risper hakukasirika. Alikuwa akigeuza mandazi kwenye mafuta.

"Mwalimu Wanjala," akaniuliza, "kwani genge ni watu wangapi?"

"Fomu haisemi."

"Basi andika kumi na mmoja."

Huyo ndiye Risper. Ni mjane, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, na kibanda chake kiko kando ya uwanja ambapo mafahali hupigana kila Jumamosi. Mimi ni katibu wa kikundi hicho, mwanamume pekee, nimewekwa pale kwa sababu nilikuwa mwalimu na mwandiko wangu unasomeka. Pia ni Mbukusu niliyeoa huku, kwa hiyo jambo likiharibika wana mtu wa kumlaumu.

Risper ana wana wawili. Mkubwa ni Tevin. Kwa maneno ya mama yake, Tevin yuko Mombasa, kazi ya bandarini. Kwa maneno ya kijiji kizima, Tevin yuko jela, miaka saba, baada ya kuingia kundi la mjini lililokuwa likivunja maduka. Lakini sisi ni watu wa adabu. Tulimwuliza mama yake kama Mombasa kuna joto, naye alitujibu kwamba joto ni kali sana.

Mdogo ni Bravin, amemaliza shule, hana kazi. Siku hizo alikuwa ameanza kusema ataenda mjini kutafuta maisha. Kaka yake aliaga kwa maneno hayohayo, na tangu Risper ayasikie tena alianza kuunguza mandazi. Alichotaka kilikuwa kimoja: mashine ile ifike, Bravin na wenzake wachomelee mageti na madirisha hapa hapa, mtoto asiende. Hilo nalijua kwa sababu aliniambia waziwazi, na macho yake yalikuwa mekundu, na haukuwa moshi.

Basi tukaandika. Genge tulilochagua ni vijana wanaomsindikiza fahali wa mzee Andati. Kila Jumamosi kukipambazuka huamka wakajipaka matope, wakajifunga majani kichwani, wakashika marungu, wakamkimbiza fahali uwanjani kwa firimbi na ngoma za isukuti. Risper alinitajia majina yote kumi na moja. La kwanza lilikuwa Bravin, ili mama asije akaambiwa amewachongea watoto wa wenzake akamwacha wake. Penye silaha nikaandika marungu. Penye saa za shughuli nikaandika alfajiri. Ukiondoa neno genge, katika fomu ile hakukuwa na uongo hata mmoja, na mwandiko ulipendeza.

Baada ya wiki tatu kaunti ikamtuma afisa kuthibitisha. Aliitwa Kiprotich, kijana mpole kutoka Likuyani, amekulia kwenye mahindi, si kwenye mafahali, viatu vinang'aa. Alifika Jumamosi asubuhi. Risper alimwekea chai na kumwambia, kwa sauti ya chini, kwamba ana bahati kufika salama.

Hapo ndipo fahali wa Andati alipoponyoka. Alipita nyuma ya kibanda, akakata kona ya kanisa, akapotea. Kiprotich hakumwona, alikuwa akipuliza chai. Alichokiona ni vijana kumi na mmoja waliojaa matope na majani, marungu juu, wakija kwetu mbio na kupiga kelele, "Amepita wapi? Amepita wapi huyo?"

Kalamu ilimdondoka. Risper akanyoosha kidole upande wa kanisa, nao wakapita kwa kishindo. Tulipogeuka, afisa alikuwa ameingia nyuma ya gunia la makaa.

"Wanakuwanga hivi kila wiki?" akauliza kutoka huko.

"Kila wiki," Risper akajibu. "Leo ni afadhali."

Ningeweza kusema neno moja tu, fahali, na mambo yangeishia hapo. Badala yake nilikunywa chai yangu. Kiprotich aliandika kwenye karatasi yake kwamba kundi ni hatari sana na msaada unahitajika haraka, akaomba aonyeshwe njia nyingine ya kutokea.

Tulicheka wiki nzima. Kisha ikaja barua. Fedha zimekubaliwa, ilisema, ila kabla hazijatolewa orodha ya wanachama imepelekwa kwa chifu, na wote kumi na mmoja wafike kwenye baraza kusalimisha silaha na kuandikishwa kama wahalifu waliojirekebisha.

Kicheko kilitukauka. Mmoja wa hao kumi na mmoja, mtoto wa jirani yetu, mama aitwaye Navalayo, alikuwa anajiandaa kwa usajili wa polisi mwezi uliofuata. Nani atampokea mhalifu, hata awe amejirekebisha namna gani? Bravin mwenyewe alimkuta mamake kibandani akasimama mlangoni bila kuingia. "Mathe, umetuchoma," akasema. "Sasa hata hapa hatuwezi kukaa." Usiku ule alifunga mkoba wake, na Risper alimwona.

Siku ya baraza vijana walifika wameoga, mashati ya kanisani, kila mmoja na rungu lake la kumswagia fahali. Wakayapanga mbele ya chifu. Kiprotich naye alikuwepo, akiwatazama kwa mshangao, maana bila matope walikuwa watoto tu. Navalayo hakungoja maombi ya kufungulia.

"Mimi nataka huyo mwenye aliandika jina ya mtoto yangu!" akafoka. "Asimame hapa nimwone!"

Chifu akainua fomu juu. Mwandiko ulikuwa wangu, mzuri, kila mtu anaujua, nusu ya watu pale nimewafundisha kuandika. Nakiri kwamba niliutazama mti wa karibu nikapima umbali.

Risper akasimama.

"Mwalimu aliandika, lakini mdomo ni wangu," akasema. "Hawa si genge. Hawa wanafuatanga ng'ombe ya Andati. Afisa, ulikunywa chai kwangu, unisamehe, siku ile walikuwa wanatafuta fahali."

Watu wakaangua kicheko, hata chifu. Kiprotich aliinama kama anayefunga kamba za viatu. Risper hakucheka. Aliendelea kusimama, akishika ncha ya leso yake, mpaka watu wakanyamaza.

"Kata hayo majina yote," akamwambia chifu. "Halafu uandike moja. Tevin. Mtoto wangu. Yeye ndiye alikuwa kwa genge. Yuko jela, hajawahi ona Mombasa."

Jambo lile sote tulilijua, na bado kulisikia kutoka kinywani mwake kulituaibisha sisi, si yeye. Mimi niliyekuwa nikimwuliza habari za joto nilitazama viatu vyangu.

Kiprotich akasafisha koo. Kijana yule hakuwa mbaya, alikuwa na fomu tu. "Pole sana, mama," akasema. "Lakini mtu mmoja si genge."

"Kwa nyumba yangu alitosha," Risper akajibu, akaketi.

Chifu alikata majina, moja baada ya jingine, kwa kalamu nyekundu. Kiprotich aliiomba fomu, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa muda mrefu. Alichoandika hatukukisoma, na mpaka leo ninapoandika haya mashine haijafika. Nimeambiwa faili liko mezani kwa mtu. Bravin bado yupo, ingawa mkoba haujafunguliwa wote.

Baraza lilipovunjika akina mama walimpita Risper, kila mmoja akiwahi kwake. Navalayo ndiye aliyerudi. Nikafikiri amerudia ugomvi, nikasogea nyuma kidogo, kwa tahadhari. Alisimama mbele ya Risper, mikono kiunoni.

"Huko jela," akauliza, "wanaruhusunga kuona mtu siku gani?"

"Alhamisi."

"Umeendanga na nani?"

"Sijawahi enda," Risper akasema, na hapo ndipo alipolia.

Alhamisi walienda wawili. Navalayo alibeba ingokho, kuku mzima aliyepikwa, na askari wa getini akamkatalia, na naambiwa ugomvi alioufanya pale ulisikika mpaka ndani, hata Tevin akajua kwamba amepata wageni wa nyumbani.