Kitanda cha Mgeni, Chumba cha Mjomba

Jua la asubuhi linaingia karakanani kupitia matundu ya mabati, na fundi amepiga magoti mbele ya kitanda ambacho hatakilalia. Anapitisha msasa kwenye ubavu wa mbao, anapapasa kwa kiganja, anakunja uso, anarudia. Kwa macho ya mtu mwingine, ubao ule ulikwisha kulainika tangu jana.

"Randa, utaumaliza huo ubao!" mchomeleaji wa banda la jirani anampigia kelele. "Unamchongea kitanda mtu aliyekutoa chumbani! Una moyo, au umerukwa na akili?"

"Vyote viwili," anajibu bila kuinua kichwa.

Randa ndilo jina analoitwa hapa, kwa sababu ya chombo cha kulainishia mbao kisichobanduka mkononi mwake. Kitanda ni cha mwanafunzi kutoka ng'ambo, atakayekaa mwaka mzima wa masomo nyumbani kwa dada yake Randa. Kitawekwa katika chumba ambacho, hadi mwezi uliopita, kilikuwa cha Randa mwenyewe.

Mpango ni wa kubadilishana: mtoto anakwenda, mtoto anakuja. Anayekwenda ni mpwa wake, binti pekee wa dada yake. Familia isiyopokea mgeni haitumi mtoto.

Randa alihamia nyumba ile shemeji yake alipofariki, binti akiwa bado wa kubebwa mgongoni.

"Nilikuja kukaa kidogo tu," anasema. "Mtoto akaota meno, akaanza shule, mimi bado nipo. Kusuka nywele nilijifunzia kichwani kwake. Watu walinicheka, lakini shule alikwenda nadhifu."

Kabla mgeni hajapokelewa, kila mtu mzima anayelala nyumbani humo huchukuliwa alama za vidole, na kumbukumbu zake za polisi huchunguzwa. Hata wanaojitolea kuwasindikiza wanafunzi hawaachwi. Randa alikwenda kituoni na dada yake huku akitania. Mashine ikavikataa vidole vyake, ikavikataa tena. Gundi na msasa vilikuwa vimeila mistari yote. Akaambiwa akaoshe mikono kwa maji ya moto.

"Dada alicheka, akasema, 'Mdogo wangu, wewe hata shetani hawezi kukutambua.' Nami nikacheka. Ningejua, nisingesugua kwa bidii vile."

Aliporudi, mashine ilimsoma. Ikamsoma mzima, pamoja na ya zamani.

Ujanani, kabla hajajua ufundi, Randa alikuwa akisukuma mkokoteni. Mtu mmoja alimkodi ambebee mbao. Kumbe zilikuwa za wizi. Polisi walipotokea, mwenye mzigo alikata kona akapotea, akabaki msukuma mkokoteni. Mahabusu wenzake wakampa ushauri ambao wengi hupeana: kubali kosa, lipa faini, jioni uko kwenu, ukibisha utasota humu. Akakubali.

"Nilidhani faini ni kama nauli," anasema. "Ukishalipa, umeshuka, gari linakwenda zake. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa bado nimo ndani."

Majibu yalimfikia mratibu wa mpango, mama mstaafu anayejitolea. Hakutaka kupiga simu. Alikuja mwenyewe, akaketi ukingoni mwa kiti, chai ikapoa mbele yake.

"Si kwamba tunakuona mwizi, mwanangu," alimwambia.

"Sasa mnaniona nani, mama?"

"Ni utaratibu. Mwenye kosa kama hili halali nyumba moja na mwanafunzi. Hata mimi wangenikuta nalo, ningetoka."

"Lakini hawakukukuta."

Mama akaeleza sharti lenyewe. Ama Randa ahame, ama safari ya binti ife. Dada yake alitazama sakafu. Mpwa wake alisimama mlangoni, haingii, hatoki. Randa akasema atahama.

"Mimi ndiye niliyesema. Asilaumiwe mtu."

Anausugua ubao, kisha anatoa lile lililobaki.

"Begi nililifunga polepole makusudi. Nakunja shati, natulia. Nakunja jingine, natulia. Hata wangenishika mkono ningeondoka, hilo nalijua. Lakini nilitaka nisikie mtu anasema, 'Usiende.' Dada akaja na shuka, amelikunja vizuri. Akasema, 'Huko kuna baridi.'"

Sasa amepanga chumba nyuma ya karakana. Kodi hula karibu theluthi ya anachopata. Godoro liko sakafuni. Ndiyo yale ya kinyozi hajinyoi. Kwa dada yake anaruhusiwa kutembelea, mradi asibaki peke yake na mgeni. Ameambiwa anaweza kuomba kumbukumbu ile ifutwe, na ameshaanza kuulizia. Lakini jibu, hata likija jema, litamkuta mpwa wake ameshasafiri.

Mchana mratibu anapita kuangalia kitanda kimefikia wapi. Anapapasa ubavu, anasifu. Randa hazipokei sifa.

"Mama, huko anakokwenda mtoto wetu, wamechunguzwa?"

"Wamechunguzwa, fundi. Baba na mama, wote safi."

"Na wengine wanaolala humo? Hakuna shemeji? Hakuna mjomba wa chumba cha nyuma?"

Mratibu anafungua simu, anasoma, anaifunga. "Taarifa niliyonayo ni ya baba na mama tu. Nitauliza."

"Uliza leo, mama. Mimi nilisugua vidole mpaka vikasomeka. Nao wasugue."

Mratibu anaitikia kwa kichwa na kuondoka haraka kuliko alivyokuja. Randa anasema kesho atampigia, na keshokutwa pia. Hilo ndilo tumaini lake lote kwa sasa: kusikia kwamba kila anayelala katika nyumba ile ya mbali amepita kwenye chujio lililomzuia yeye.

Mchomeleaji amesikia yote. Anazima mashine yake, anasogea.

"Na wakikuta huko nako kuna mjomba aliyewahi kubeba mbao za watu?" anauliza, safari hii bila mzaha.

Randa anapuliza vumbi ubavuni mwa kitanda. Anapapasa pale pale alipopapasa asubuhi.

"Ahame," anasema.