Paa la Bati kwa Ajili ya Mama

Sifichi: miaka ile ya mwanzo ya uhuru, hakuna mtu mjini Nyeri aliyeringa kama mimi. Nilikuwa karani tu, lakini nilikuwa nimenunua gari dogo jekundu la spoti, la viti viwili, lisilo na paa, kutoka kwa mlowezi aliyekuwa akirudi kwao. Nikitoka kazini nililiendesha kutoka posta hadi sokoni na kurudi, bila shughuli yoyote.

Mtu niliyetaka sana apande alikataa. Mama alikuwa amechuma pareto miaka mingi kwa mlowezi huyo huyo, na gari hilo lilimpita kila asubuhi likimwachia vumbi.

"Mimi siingii gari haina kichwa," alisema. "Ukiweka paa kama ya watu, niite."

Basi nikamwendea fundi wa bodi za magari kule mtaa wa Majengo. Aligonga bati juma zima, akatia kioo cha nyuma, akalifunga paa kwa nati nne. Lilikaa sawasawa, hata tone moja halikupenya. Lakini uzuri? Gari langu lilifanana na sufuria iliyofunikwa. Marafiki walinicheka, nami nikawanunia kwa sababu walisema kweli. Paa gumu halilifai gari la namna ile, na msimamo huo sijaubadilisha hadi leo. Hata hivyo nilikuwa radhi kuendesha sufuria, mradi Mama aketi ndani.

Akaketi. Alijifunga kitambaa chake cheupe cha kanisani, tukashika njia ya Naro Moru kumwona dada yake. Tukafika kituo cha Chaka. Ilikuwa siku ya soko, na wanawake aliochuma nao pareto walikuwa kando ya barabara na viazi vyao. Akawapungia mkono. Hakuna aliyegeuka.

"Simama. Hawa hawanioni."

"Ni hili paa, Mama."

"Ati paa? Toa hiyo kitu!"

Nikatoa spana, nikafungua nati zote mbele ya soko zima. Mwenye bucha akanisaidia kulibeba paa hadi dukani kwake. Mama akakaa wima. Kwa amri yake nilizunguka soko mara mbili, na wale wanawake wakaacha viazi wakapiga vigelegele. Nilijivunia mama yangu mpaka machozi yakanilengalenga.

Mvua baridi ya mlimani ilitukuta kabla ya kufika. Nilitaka tujikinge, akakataa. Tuliingia Naro Moru tumelowa chapachapa, na dada yake akatoka mbio na shuka, akinifokea.

"Wewe! Unabeba mama yako kwa gari haina paa?"

"Wacha yeye," Mama akasema, akishuka polepole kama mke wa gavana. "Paa alitengeneza. Ni mimi nilisema atoe." Kisha akamshika dada yake mkono, akamvuta hadi kwenye kiti kilicholowa. "Mimi nishaonekana. Ingia wewe sasa."