Ruhusa ya Kwenda Kliniki

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya chuo kimoja hapa Masasi. Mbele yangu mwanafunzi wa kike alimpa karani karatasi ya daktari, akaomba ruhusa ya kwenda kliniki Ndanda kila mwezi.

“Kila mwezi! Unaumwa nini?” karani akauliza kwa sauti.

Binti akatugeukia, kisha akanong'ona, “Daktari ameshaandika nihudhurie, mama. Ugonjwa ni siri yangu.”

“Siri gani? Hapa sote ni wazazi wako.”

“Wazazi wangu wako Mnyambe, na wanajua.”

Karani akagonga muhuri. Nikamfuata binti nje nimpongeze. Sijui ulimi uliteleza vipi, nikajikuta nikisema, “Pole, mwanangu. Kwani unaumwa nini?”

Alinitazama, akaniaga kwa heshima, akaenda zake. Mpaka leo sielewi: angenijibu, jibu lile ningelifanyia nini?