Bi Pindo Apata Mwendo Wake

Mtaani walimwita Bi Pindo, kwa sababu hakuna suruali iliyopita mikononi mwake ikatoka na pindo la ovyo. Alikuwa fundi cherehani, mjane wa miaka sitini, na mkaidi wa kupigiwa mfano. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya nyumba ya mwanawe: meza ya kukatia, cherehani mbili, vitambaa vimepangwa hadi karibu na dari, na kiti kimoja ambacho mteja hakuruhusiwa kukigusa.

Miaka ya kukaa kwenye kiti kile ilimfanya aheme juu juu akipanda ngazi. Kliniki walimpima, wakamwambia moyo wake hauna ugonjwa, ila umezoea uvivu. Neno hilo lilimkaa kooni. Yeye, mvivu?

Kesho yake alfajiri akavaa raba za mwanawe, akatoka mbio kama mtu aliyesikia duka lake linaungua. Hakufika mbali. Kwenye lango la shule macho yaliona giza, akajibwaga chini, moyo unamgonga hadi masikioni. Wanafunzi walimwamkia, akashindwa hata kusema marahaba.

Aliporudi kliniki, mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja mrefu mwenye sauti ya taratibu, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mama, ulitaka kumkomoa nani?"

"Si ninyi mliosema mimi mvivu?"

"Haya, yaishe. Chukua mia mbili na ishirini, toa umri wako. Inabaki ngapi?"

"Mia na sitini."

"Hapo ndipo mwisho wa moyo wako, kwa kukadiria. Hatutaki ufike huko. Kwa kuanzia tunataka nusu yake, ikizidi sana asilimia sabini. Yaani mapigo themanini mpaka mia na kumi na mbili kwa dakika. Chini ya hapo unatalii tu, juu ya hapo kwa sasa unajichosha bure."

Akamwonyesha mahali pa kuweka vidole viwili, kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, ahesabu kwa robo dakika kisha azidishe mara nne. "Hesabu ikikupotea, ongea. Ukiweza kuongea lakini kuimba huwezi, uko penyewe. Kwa hiyo usiende peke yako."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mwanawe alikuwa dereva wa lori, wiki nzima yuko safarini. Aliyebaki nyumbani asubuhi ni mkwewe, mke wa huyo dereva, ambaye zamu yake ya kiwanda cha mikate ilianza mchana. Yeye na Bi Pindo walisalimiana vizuri, wakapitishiana chumvi mezani, basi. Chanzo ni gauni la harusi. Bibi harusi wa nyumba ya fundi alinunua gauni dukani, tayari limeshonwa! Bi Pindo alimeza hilo, na halikuwahi kushuka.

Siku za mwanzo za kutembea pamoja, maongezi yao yalikuwa hivi:

"Ongea, Mama."

"Niongee nini?"

"Chochote."

"Jua limetoka."

"Enhe."

"Na jana lilitoka."

Asubuhi moja, kwenye kilima cha nyuma ya kituo cha mabasi, neno likamponyoka Bi Pindo.

"Lile gauni lilikuwa linavuta kiunoni, upande wa kushoto."

Mkwe akasimama. "Uliliona?"

"Toka ulipoingia mlangoni."

"Mama, nilitaka unishonee wewe. Nilikuja mpaka kwenye mlango wako, nikakukuta unamfokea mteja aliyeomba kubadilishiwa kola. Nikaogopa, nikageuza."

"Yule alistahili!"

"Sikatai. Ila mimi nilitaka kubadilisha kola, mikono, na mgongo wote."

Bi Pindo akafungua mdomo ajibu, lakini vidole vya mkwe vilikuwa tayari mkononi mwake, jicho kwenye saa. "Mama, mia na thelathini na mbili. Na hapa tumesimama."

Walicheka mpaka wakashika ukuta wa nyumba ya watu.

Tangu hapo maneno hayakuwaishia. Bi Pindo akaujua mwili wake kama anavyojua kitambaa kwa kukishika. Kilima kilichokuwa kikimfikisha mia na kumi kikawa hakimfikishi hata mia, ikabidi akaze mwendo, na mtaalamu akampandishia kiwango. Basi, nani atamnyamazisha? Mteja aliyekuja kupimwa suruali alipimwa hadi mapigo, atake asitake, futi kamba ingali shingoni mwa fundi.

Kliniki ikamwita aje awaonyeshe wagonjwa wapya. Akapanda kwenye mashine ya kutembelea, kichwa juu, namba zinasomeka kwenye kioo mbele yake, naye anatembea huku anaeleza: vidole hapa, hesabu hivi, usishindane na jirani. Pumzi haikumkatika hata kwa sentensi moja. Mkwe alisimama mwishoni mwa chumba na sare yake ya kiwandani. Zamu ilikuwa inamsubiri, na hakuondoka.

Mzee aliyekaa karibu naye akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyu mama anayeongea hivi ni nani?"

"Mama yangu," mkwe akajibu.

"Ndiyo maana. Mmefanana."

"Watu wanasema," akajibu bila kupepesa.

Bi Pindo alisikia. Akanyoosha mgongo, akamgeukia mtaalamu.

"Dada, hebu niongezee mwendo kidogo."