Mke Mwenza wa Marumaru

Fundi wa suti alikuwa mtu wa mzaha, na nyumbani kwake hakuna kilichotaniwa kama sanamu iliyokaa juu ya kabati la nguo. Ilikuwa ya mwanamke, kuanzia mabegani hadi kwenye kilemba: uso wa jiwe jeusi, joho la marumaru ya manjano yenye mishipa, kilemba chekundu chenye mabaka meupe. Mkewe aliachiwa na bibi mmoja tajiri ambaye yeye alikuwa akimshonea nguo, siku bibi huyo alipohama. Fundi akaibandika jina la Mke Mwenza. "Leo Mke Mwenza amenuna," husema akivua koti, "kuna nini?"

Mwanzoni mkewe alicheka. Baadaye akaacha.

Yeye aliamini ile si sanamu ya hivihivi. "Tumwite mtu anayejua aitazame," alimwambia mumewe zaidi ya mara moja. "Ikipata mnunuzi, nitapata nauli nikamwone dada." Dada yake aliolewa ng'ambo, na hawakuonana tena tangu arusi.

"Unataka tuchekwe mtaa mzima? Hiyo ni plasta imepakwa rangi. Na dada yako hakimbii."

Hakuwa mume mbaya. Alimpenda mkewe, ila kuchekwa alikuogopa kuliko ugonjwa. Siku zikaenda hivyo, mpaka presha ikamwangusha mke jikoni, asiinuke tena.

Binti yao akamtaka baba ahamie kwake. Walipokuwa wakifunga vyombo, akamwita mthamini wa vitu vya kale bila kumuuliza mzee.

Mthamini, mwanamke asiye na haraka, alivaa glavu, akawasha kurunzi, akapitisha mwanga pale shingo nyeusi ilipoingia kwenye joho la manjano.

"Mzee, nisaidie kuishusha."

Fundi akashika chini, na mikono ikamlegea kwa uzito. Hakuwahi kuinyanyua hata siku moja. Mkewe ndiye aliyekuwa akiishusha na kuifuta vumbi.

"Si plasta?" aliuliza.

"Ni mawe matatu tofauti, yameunganishwa na mtu aliyeijua kazi yake. Wachongaji wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa walipenda kuchonga watu wa Mashariki na wa Afrika hivi. Mavazi mara nyingi waliyabuni wenyewe. Jina la mchongaji hili hapa begani. La huyu mama hawakujali kuliandika." Akazima kurunzi. "Ni kazi halisi, mzee. Wanunuzi hawatakosekana."

Binti akashusha pumzi kwa furaha. Fundi akakaa kitandani, juu ya nguo zilizokunjwa.

"Mama yako alijua," alisema.

"Baba, hukujua wewe. Yameshapita."

"Sikutaka kujua."

Sanamu ikauzwa, na kabla ya jambo lolote fundi akakata tiketi ya kwenda ng'ambo kwa dada wa marehemu. Shemeji yake alimpokea mlangoni akiegemea mkongojo. Alikuwa na paji la uso la marehemu, na lilelile tabasamu la upande mmoja. Fundi alikuwa ameandaa maneno njia nzima. Yote akayasahau.

Waliketi. Shemeji ndiye aliyeanza.

"Kila tukiongea kwenye simu aliniambia anakuja. Mwaka huu, mwaka kesho. Mwishowe nikaona ananipoza tu, hataki. Nikaacha kumuuliza. Hata simu nikazipunguza."

"Alitaka, shemeji. Nauli ilikuwa juu ya kabati. Mimi ndiye niliyemzuia, kwa mzaha."

Akamweleza yote, hata lile jina la Mke Mwenza. Shemeji alisikiliza akitazama dirishani. Hakumgombeza, wala hakumwambia kwamba amemsamehe.

"Kwa hiyo nilimnunia bure," alisema hatimaye.

Shemeji akainuka polepole, akaenda jikoni kubandika chai.