Malkia wa Pili wa Osundwa

Hapa Shieywe, Osundwa akicheza chesi, kisha askari wake, kile kipande kidogo kuliko vyote, akafika mwisho wa ubao, humgeuza farasi. Malkia wa akiba yuko pale kando, mwenye nguvu zake zote, lakini hamgusi. Wageni humcheka. Sisi majirani hatucheki.

Aliyemfundisha ni Wanyama, seremala. Vipande vyote alivichonga mwenyewe kwa mabaki ya mbao, na kila upande akaupa malkia mmoja. Ndiyo maana karakanani kwake askari aliyefika mwisho aligeuzwa tu kipande kilichokwisha kuliwa. Kama malkia wako yu hai, humpati mwingine.

"Hata mimi niko na bibi mmoja," Wanyama alizoea kusema, "na ananitoshanga."

Mwaka wa 1994 Osundwa alifika mchezo wa mwisho wa kuchagua timu ya mkoa. Akishinda, anakwenda Nairobi, safari aliyoiota miaka. Sare haikutosha. Mpinzani wake, Kipyegon, mwalimu kutoka Lugari, alikuwa amebanwa kwelikweli. Askari wa Osundwa akafika. Kwa kuwa malkia wake alikuwa bado hai, akachukua farasi, tena kwa madaha. Kipyegon akaponyoka, wakatoka sare.

Wakipeana mikono, Kipyegon akamuuliza kwa upole, "Ndugu, mbona hukuchukua malkia wa pili? Inakubaliwanga."

Osundwa alirudi amefura. Mbele ya wateja alimwambia Wanyama kwamba ujinga wake umemharibia maisha. Siku chache baadaye Wanyama alichonga malkia wa pili, akamtuma mkewe, Awinja, ampelekee. Osundwa akamrudisha mama wa watu na kipande chake mkononi. Kiburi gani hicho, jamani, kwa mtu aliyekufundisha bure?

Hasira zilipopoa alisema ataenda kuomba radhi Krismasi. Kabla ya Krismasi malaria ilimchukua Wanyama. Matangani Awinja alimtia Osundwa yule malkia mkononi, naye akalia mbele yetu sote.

Juzi nilimuuliza kwa nini hamtumii.

"Nikimweka ubaoni," akasema, "ni kama bado namwambia Wanyama alikosea."

Basi hupanga vipande, malkia yule akamweka kando, akashindwa michezo ambayo angeshinda.